Tajiri wangu wa zamani anatangaza mjini kwamba sina uaminifu. Wakuu, hili neno lina maana gani hasa?

Kijana wa Mwanga
Heshima kwenu wakuu. Nipo Kigoma mjini. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite kushoto.

Nimefanya kazi miaka tisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga. Niliingia kama mbeba saruji. Mpaka natoka, ndiye niliyekuwa nafungua asubuhi, nafunga jioni na kupeleka fedha benki. Mwezi wa tatu nikamuaga tajiri, na nilikuwa nimemwambia miezi miwili kabla. Tukahesabu mali siku mbili mfululizo, bati, nondo, rangi, mpaka misumari tukaipima kwa kilo. Ikapungua saruji mfuko mmoja. Nikailipa palepale kutoka mfukoni mwangu, ingawa sote wawili tunajua ni ule mfuko ulioganda kipindi cha mvua tukautupa. Mzee akaniombea dua, tukala wali na mgebuka kwake, nikaondoka.

Nikafungua kibanda changu Gungu. Hazikupita wiki tatu nikaanza kusikia: kwa kinyozi, msikitini, hadi msibani, "yule kijana si mwaminifu." Nikamfuata mwenyewe dukani, shikamoo, marahaba, nikamuuliza, mzee wangu, mimi nimechukua nini chako? Akajibu bila hasira kabisa: "Hujachukua kitu. Lakini mtu mwaminifu haondoki."

Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Mimi nimekua naona yale makaratasi ukutani, "anatafutwa kijana mwaminifu wa kuuza duka", na siku zote nilijua maana yake ni moja: asiye mwizi. Kumbe kuna maana nyingine ambayo hawaiandiki kwenye karatasi? Mtu anaweza asiguse hata senti na bado akawa si mwaminifu?

Kula Kulala
Siti ya mbele, karanga ninazo. Ngoja waje wenye vitabu vyao.

Bibi wa Sokoni
Pole mwanangu. Mimi swali langu ni dogo tu. Ulipoondoka, huyo mzee alibadilisha kufuli?

Kijana wa Mwanga
Sijui mama. Kwa nini?

Bibi wa Sokoni
Basi tu. Endeleeni.

Karabai
Mimi navua Kibirizi. Kwetu huku neno hilo halina mjadala. Mtumbwi ukiwa katikati ya ziwa usiku wa giza, tajiri yuko kitandani na mkewe. Ukipata dagaa ndoo hamsini, ukauza kumi majini kabla hujagusa mwalo, atajua nani? Mwaminifu ni yule anayefika na hamsini. Habari za kuondoka ni jambo lingine kabisa. Wavuvi tunahama kila msimu, leo mtumbwi huu, mwezi ujao ule, na hakuna anayeitwa msaliti. Tajiri wako anataka mke, hataki mfanyakazi.

Ustadh wa Ujiji
Assalaam alaykum. Ndugu mleta mada, anzia kwenye neno lenyewe. Uaminifu, imani, amana, amani, muumini, yote shina moja, yametoka kwenye Kiarabu. Na katika hayo, linalobeba uzito wa kesi yako ni amana: kitu cha mtu kilichowekwa mkononi mwako naye hayupo.

Mtume wetu (s.a.w.) watu wa Makka walimwita Al-Amin kabla hajapewa utume. Alipoanza kulingania wengi walimkataa, wakamtesa, na bado waliendelea kuweka vitu vyao kwake. Tazama jambo hilo vizuri. Hawakumuamini kwa maneno yake lakini walimuamini kwa mikufu yao! Na usiku wa kuhama kwenda Madina alimwacha Ali nyuma, moja ya kazi zake ikiwa kuwarudishia wenyewe amana zao. Hao wenyewe ndio waliokuwa wanapanga kumuua.

Sasa niambie, kuondoka Makka kulimvunjia jina la Al-Amin? Mtu aliondoka, amana zikarudi. Wewe umehesabiwa hadi misumari. Kilichobaki kwa huyo mzee ni huzuni tu, na huzuni nayo ina haki yake, lakini asiipe jina ambalo si lake.

Mwalimu wa Lugha
Hapo kwenye neno ustadh umenikuna. Niongeze la sarufi, wasiopenda warukeni.

Huo mkia wa -ifu/-ivu ukiubandika kwenye kitenzi, kwa kawaida unampata mtendaji. Anayeharibu ni mharibifu, anayevumilia ni mvumilivu, anayetii ni mtiifu. Kwa mwendo huo mwaminifu angekuwa mtu anayeamini wenzake, yaani yule bwege anayemkopesha kila mtu. Lakini Waswahili wameligeuza: mwaminifu ni anayeaminiwa. Tunalitumia kila siku na hakuna anayeshtuka kwamba limevaliwa nje ndani. Mimi naona ndiyo maana linavutwa huku na huku. Ukisema mtiifu, kila mtu anajua lazima kuna mkubwa anayetiiwa. Ukisema mwaminifu, ni wa nani? Kwa nani? Juu ya nini? Neno halisemi, basi mwenye nguvu anajaza anachotaka.

Simba Damu
Mimi timu ikifungwa silali na ugali haupandi. Miaka ishirini. Huo nao si uaminifu?

Karabai
Huo ni ugonjwa mkuu, nenda Maweni wakupime.

Nakataa Kwanza
Mnamfariji sana huyu kijana, ngoja mimi niharibu shughuli. Mleta mada, jibu kwa ukweli. Nani alikuonyesha jumla ya bati inachukuliwa wapi Dar? Nani alikukutanisha na mafundi wa Kigoma nzima? Namba zao ziko kwenye simu ya nani sasa? Umelipa mfuko wa saruji, sawa. Lakini amana si vitu vya kwenye rafu peke yake. Mzee alikuwekea mkononi siri za biashara yake miaka tisa, na wewe umekwenda kufungua dakika kumi kwa bodaboda kutoka kwake, unauza misumari ileile. Mimi ningekuwa yeye ningetangaza hadi redioni.

Kijana wa Mwanga
Namba ninazo, siwezi kukataa. Mafundi wawili wakubwa wamehamia kwangu. Sikuwapigia, walinitafuta wenyewe. Ila kweli, namba ninazo.

Nakataa Kwanza
Ahsante kwa ukweli. Ndiyo hapo sasa.

Shangazi wa Urambo
Mwangaluka wote. Wanaume mnazunguka. Mimi nilime tumbaku niwaambie.

Unakopeshwa mbolea mwanzo wa msimu kupitia chama cha msingi, unakata magogo, unakesha kwenye bani unachochea moto, jani likauke vizuri lisiungue. Siku ya soko mzigo uliopima nyumbani kilo 70 unasoma 63. Ukiuliza unaambiwa umekauka njiani. Njia gani hiyo ya kukausha kilo 7? Mwaka mmoja jirani yangu akatorosha mizigo mitatu kwa mlanguzi usiku. Kwenye mkutano kiongozi akasimama na kofia yake: wakulima wa hapa si waaminifu! Tukatazamana. Hakuna aliyesema neno juu ya mzani.

Sisemi jirani alifanya vizuri, deni la mbolea lilitubana wote, maana tulidhaminiana. Alituumiza sisi, hakumuumiza yule wa kofia. Lakini nimejifunza kitu: neno hili huwa linateremka tu, halipandi. Ushawahi kusikia mkulima akipewa kipaza sauti aseme mzani hauna uaminifu? Au dada wa kazi aseme mama mwenye nyumba hana uaminifu, mshahara wa mwezi wa pili haujaonekana? Atasema "ananidhulumu." Aliye chini akikosea hana uaminifu, aliye juu akikosea ana dhuluma, tena hiyo inasemwa jikoni kwa sauti ndogo.

Bibi wa Sokoni
Umesema shangazi. Umesema.

Mpagazi wa Kwihara
Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mnivumilie, mstaafu akipata pa kusemea haachii. Mleta mada yuko Kigoma na mimi nipo huku, na miji yetu hii miwili ina kesi mbili za uaminifu zinazomhusu mtu mmoja, Livingstone, yule mmisionari msafiri wa Kizungu, ziko katika kitabu cha shajara zake kilichochapishwa baada ya kufa kwake, pamoja na masimulizi ya watumishi wake.

Kesi ya kwanza ni Ujiji, Oktoba 1871. Livingstone anarudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa mifupa mitupu. Anajua kuna mali inamngoja, ilitumwa kutoka pwani chini ya mtu aliyeitwa Sherif. Anakuta vitambaa yadi 3,000 na shanga ratili 700 vyote vimeuzwa, hakikubaki kipande. Utetezi wa Sherif: nilipiga ramli, ikaonyesha umekufa. Ustadh atanisamehe, alisema alipigia kwenye Kurani. Sasa hapa ndipo penye utamu. Sherif hakukimbia. Alikuja kumpa mkono! Alipokataliwa akanuna kama yeye ndiye aliyedhulumiwa, kisha akawa anakuja kumsalimu mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, adabu zote, mpaka mzee wa watu akamchoka. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta, akafika na msafara wake, la sivyo sijui.

Kesi ya pili ni kwangu. Livingstone amekufa mwanzoni mwa Mei 1873 kwa Chitambo, siku hizi ni Zambia. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, wakautoa moyo na matumbo wakazika pale chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kama wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai. Wakabeba. Oktoba wakaingia Kwihara, pale penye tembe ambayo mwaka 1872 marehemu alikaa miezi akisubiri wapagazi. Wakamkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa yuko kwenye furushi. Cameron akawashauri: mzikeni hapahapa, njia ya mbele ina hatari. Wakakataa. Wapagazi, mwaka 1873, wanamkatalia ofisa wa Kizungu! Akafungua masanduku ya marehemu, wao hawapendi, akachukua vyombo vya kupimia akaenda navyo kwenye safari yake mwenyewe.

Wakaendelea. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakagoma maiti isipite. Wakafanya hivi: wakatangaza kwamba wamekubali, wanairudisha Unyanyembe, yaani huku Tabora, kuizika. Wakakata mabua ya mtama urefu wa mtu, wakayaviringishia sanda, watu wakayabeba kwa heshima zote. Gizani wakayatupa vichakani moja moja na kurudi kwa kunyata. Mwili wenyewe ulikwishafungwa upya kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Sasa pimeni. Sherif: salamu mara mbili kwa siku, amana imeliwa. Susi na Chuma: wamemkaidi ofisa, wamewadanganya wanakijiji mchana kweupe, amana imefika. Kama uaminifu ni adabu na kutii, mshindi ni Sherif.

Kula Kulala
Mabua ya mtama 😂😂 Mwalimu nimecheka hadi bosi ameniuliza nasoma nini.

Nakataa Kwanza
Mwalimu simulizi ni tamu lakini umeipaka sukari. Mbona hukumtaja Musa? Mwaka 1866 yule Musa na wapagazi wenzake wa Nzwani, kisiwa cha Komoro, walimkimbia Livingstone, wakafika Zanzibar wakasema ameuawa na Wangoni, walipwe chao. Ikabidi itumwe safari nzima mwaka 1867 kwenda kuthibitisha kwamba ni uongo. Susi na Chuma walikuwapo walipokimbia hao. Walijua wakifika pwani mikono mitupu, "bwana amekufa", nani angewaamini? Mwili ule ulikuwa stakabadhi yao. Mshahara ulikuwa ndani ya lile gome.

Mpagazi wa Kwihara
Hoja yako naipokea, tena naipokea yote. Walihitaji ushahidi. Ila barua, shajara na vyombo wangeweza kuvibeba peke yake, vikatosha. Maiti ya miezi mitano katika nchi inayoogopa maiti, ni mzigo ambao mtu wa mshahara tu angekwisha kuutupa Kasekera pamoja na mabua.

Na nikuongezee chumvi upande wako. Walipofika Bagamoyo walilipwa mishahara yao, wakaambiwa haya, kwaherini. Mwili ukapanda meli ya kivita. Aliyekuwepo kwenye mazishi London, Aprili 18, 1874, ni Jacob Wainwright peke yake miongoni mwao, naye nauli yake ililipwa na wamisionari. Susi na Chuma walifika Uingereza marehemu amekwisha kuzikwa. Baadaye Chama cha Kifalme cha Jiografia kikatengeneza nishani kwa ajili ya watu wapatao 60 wa msafara ule. Ziliandikwa "Waaminifu hadi mwisho." Wengi walikwisha kutawanyika, nishani hawakuziona.

Shangazi wa Urambo
Si niliwaambia? Linateremka tu. Na yule aliyebeba vyombo vya marehemu alipewa nishani gani?

Mpagazi wa Kwihara
Shangazi, huyo alivuka bara zima hadi Angola, akawa mtu mkubwa. Nishani za dhahabu.

Shangazi wa Urambo
Haya.

Dereva wa Reli ya Kati
Mmesahau neno la siku hizi, chawa. Chawa naye anajiita mwaminifu. Bosi akikohoa anasema kikohozi kizuri. Mimi kazini nina mmoja, akisikia mkubwa anakuja anajifuta jasho ambalo halipo.

Mwalimu wa Lugha
Tofauti iko wazi na wala haihitaji kamusi. Chawa anaishi kwenye nguo. Ukibadilisha nguo, anahamia kwa atakayevaa. Nenda kaangalie ofisi yoyote siku mkubwa mpya anaporipoti.

Na tukiwa hapo, someni Katiba ya Jamhuri, ibara ya 68. Kila mbunge lazima ale kiapo kabla ya kushiriki shughuli za Bunge, na jina lake ni kiapo cha uaminifu. Cha uaminifu, si cha utii. Zile ahadi za mwana-TANU nazo, ambazo wakubwa wenzangu tuliziimba shuleni, mojawapo ilikuwa mwanachama mwaminifu, na palepale kwenye orodha ipo "nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko." Waliozitunga waliona mambo hayo mawili yanakaa chumba kimoja. Siku hizi ukisema kweli kwenye kikao unaambiwa huna uaminifu na chama, na chama chenyewe kinaweza kuwa cha kufa na kuzikana cha mtaa wenu tu.

Mpagazi wa Kwihara
Na mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapahapa Tabora Januari 1958, ule wa kura tatu, TANU ilipokubali kuingia uchaguzi ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Mtu akitoka mlango wa mbele, mchana, amevaa viatu vyake, mimi siwezi kumwita msaliti. Msaliti anabaki ndani.

Karabai
Hilo la mlango wa mbele ndilo jibu la huyu kijana. Aliaga miezi miwili kabla. Tufunge uzi.

Nakataa Kwanza
Haufungwi. Namba za mafundi bado.

Mama Wawili
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyetaja ndoa. Wanaume kumi mnajadili uaminifu na neno ndoa halijatokea. Nawasalimu tu.

Kula Kulala
😂😂😂 Kimya kimetanda.

Ustadh wa Ujiji
Kijana wangu, juu ya namba, nikupe la kufanya. Mafundi si mali ya mtu, wana miguu yao. Lakini deni la mafunzo lipo. Nenda kwa mzee, na usiende na hoja. Nenda na kitu mkononi, kilo ya mawese au kuku, ukamwambie ahsante ya miaka tisa. Hukutuambia kama uliwahi kuisema.

Kijana wa Mwanga
Wakuu, mrejesho. Mnisamehe nilipotea, mvua ilinishika na mzigo.

Ustadh, kweli sikuwahi kuisema. Nilidhani kulipa mfuko wa saruji ndiyo ahsante. Juzi nikawa natafuta soksi kwenye sanduku nililohama nalo, nikakuta koti langu la kazi la zamani. Mfukoni mkawa na ufunguo. Ni ule wa akiba wa kufuli kubwa la duka la mzee, nauona kwa doa la rangi nyekundu ya mafuta niliyoipaka mwenyewe ili tusiuchanganye na wa stoo. Miezi minne nimelala nao chumbani bila kujua. Jasho likanitoka. Nikasema leo ndiyo wataniita mwizi rasmi.

Nikachukua mawese lita tano, nikaenda asubuhi kabla hajafungua. Nimefika, namuona anahangaika kuinama, mgongo unamsumbua siku hizi. Nikatazama kufuli. Lilelile. Lina doa lilelile jekundu, limechakaa upande mmoja. Mama wa sokoni, jibu lako ndilo hilo. Hakulibadilisha.

Nikampa ufunguo, nikamwambia mzee nimeukuta jana usiku, wallahi sikuwa najua. Akaupokea, akautundika kwenye msumari wake uleule nyuma ya mlango, wala hakugeuka kunitazama. Akasema: "Nilijua unao wewe."

Nikamuuliza, sasa kama ulijua ninao, na mimi si mwaminifu, mbona hukununua kufuli jipya? Dukani kwako yamejaa.

Akanyamaza kidogo, akafungua kifuniko cha mawese akanusa. Kisha akaniuliza misumari ya bati siku hizi naichukua kwa nani, maana yule wake wa Dar amepandisha.